Programu za kujifunzia na mtoto anayehangaika kusoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mzazi au mwalimu mwenye mtoto ambaye wenzake wameshajua kusoma na yeye bado anababaisha. Hakuna programu ninayoiuza. Maoni yangu yamo humu, na yatajulikana kwamba ni maoni.

Kwani programu inaweza kumfundisha mtoto kusoma?

Inaweza kumfundisha sehemu yake. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kusoma ni vitu viwili vinavyozidishwa: kuyatambua maneno yaliyoandikwa, na kuielewa lugha yenyewe. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri.

Programu nzuri zina nguvu kwenye hicho cha kwanza. Mtoto anayehangaika anahitaji kukutana na "mba" mara nyingi mno kabla haijamkaa kichwani, na hakuna binadamu anayeweza kuitamka mara ya themanini kwa upole uleule wa mara ya kwanza. Mashine inaweza. Haiguni, haikunji uso, wala haimlinganishi na dada yake.

Hicho cha pili, yaani kujua maneno mengi, kufuata kisa, kuuliza "kwa nini", bado kinatoka kwa watu. Programu inayojisifu kwamba inafanya vyote viwili mimi huitilia shaka kabla hata sijaifungua.

Kuna ushahidi kwamba zinasaidia, au ni biashara tu?

Ushahidi upo, ila hauelekei upande mmoja.

Jaribio linalowahusu zaidi wasomaji wa Kiswahili ni lile la shindano la Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000, wa miaka 7 hadi 11, katika vijiji kama 170 vya mkoa wa Tanga nchini Tanzania, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili kwa miezi 15. Wengi wao hawakuwahi kuingia darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja. Mwisho wa jaribio, idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana zawadi kuu ya dola milioni 10. Watu wengi husimulia habari hii wakaishia kwenye nusu iliyofaulu. Ni mafanikio makubwa, sikatai, hasa kwa watoto ambao hawakuwa na mwalimu. Lakini ile nusu nyingine nayo ilikaa na kishikwambi mwaka na ushee, na neno bado halisomeki. Mtoto unayemfikiria wewe unaposoma ukurasa huu huenda angekuwa upande huo.

Kuna na GraphoGame, mchezo uliotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Finland, juu ya watoto walio katika hatari ya kupata disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno. Ulipojaribiwa kwa wanafunzi wa darasa la kwanza nchini Zambia, katika utafiti uliochapishwa 2014, waliofaidika zaidi ni wale ambao mwalimu wao naye aliucheza. Toleo lake la Kiingereza lilipopimwa Uingereza kwa watoto waliokuwa nyuma, ripoti ya 2018 haikuona kwamba liliwasogeza mbele kuliko msaada wa kawaida wa shule. Marekani nako, ripoti kubwa ya Wizara ya Elimu ya mwaka 2007 ilikuta madarasa yaliyotumia programu za kusoma hayana tofauti ya maana na yasiyotumia. Na Peru iligawa kompyuta ndogo kwa wanafunzi kwa wingi. Tathmini ya 2012 haikuona alama za lugha wala za hesabu zikipanda.

Nikiyaweka yote pamoja, naona kifaa peke yake hakimfundishi mtu. Programu inayokazia herufi na sauti inamsaidia mtoto aliyekwama hapohapo kwenye herufi na sauti, na inamsaidia zaidi kama kuna mtu mzima anayejua mtoto huyo anafanya nini humo ndani.

Nianze na kutafuta programu, au na kumpima mtoto?

Na mtoto. Wala huhitaji utaalamu. Karatasi na kalamu vinatosha, na simu iwe mbali.

Mwandikie silabi nyepesi zilizochanganywa: tu, ke, lo, ma, si. Usizipange ma, me, mi, mo, mu. Mpangilio huo watoto huuimba. Anayeimba wote bila kosa anaweza kukodoa macho ukimwonyesha "mo" peke yake, kwa sababu ili aifikie inambidi aanze wimbo upya kutoka "ma".

Akivuka hapo, mpe maneno ya uongo: zemuki, tibona, lupeso. Maneno ya kweli anaweza kuwa ameyakariri kwa umbo. Haya hayawezi kukaririwa. Halafu silabi nzito: mba, nda, nywe, mbwa, ng'o, shwa. Halafu maneno marefu, maana Kiswahili kinapenda kubandika: "hawakutusomea" ni neno moja lenye silabi saba, na mtoto akifika "so" ameshasahau alianza na "hawa".

Sikiliza kosa lenyewe, usihesabu makosa tu. Ukiandika "kitabu" akasema "kitanda", herufi anazijua. Ameona "kita", kilichobaki amebahatisha. Huyo ukimpa mchezo wenye picha kubwa pembeni ya kila neno, unamzidishia ugonjwa, kwa sababu atasoma picha.

Mwisho, msomee wewe kisa kifupi kisha mwulize maswali. Akijibu vizuri alichosikia lakini kitabu kinamshinda, shida yake ni kutambua maneno, na programu inaweza kuwa na kazi hapo. Asipoelewa hata alichosikia, mchezo wa silabi utamchelewesha. Anahitaji mazungumzo na hadithi nyingi, na labda kupimwa masikio.

Programu ya kufaa nitaitambuaje?

Isikilize kwanza wewe mwenyewe, macho umefumba. Ikisema "be" na "a" halafu ikategemea mtoto apate "ba", imemfundisha majina ya herufi badala ya sauti zake, na anayehangaika atakujibu "bea". Kiswahili kinakaa vizuri kwa silabi nzima: "ba" kwa mkupuo mmoja, kisha "ba" na "ta" zinaungana kuwa "bata". Sikiliza inavyotamka ng'ombe na ngoma, dhahabu na thamani. Sauti za mashine zilizotengenezwa kwa haraka hujikwaa hapo. Isiyotofautisha ng' na ng, ifute, usihangaike nayo.

Kisha icheze ukibonyeza ovyo kwa makusudi. Kama ndani ya dakika tano umepanda ngazi, mtoto naye atapanda hivyohivyo. Skrini yenye majibu matatu humpa hata asiyejua lolote jibu moja sahihi katika kila matatu. Programu makini huirudisha silabi iliyokosewa punde kidogo, ikairudisha tena kesho yake, na haifungui ngazi mpya mpaka ya zamani imekaa.

Angalia pia mtoto anatazama nini. Ipo michezo ambayo sekunde tatu ni za silabi, na nusu dakika nzima ni ya kumchagulia sungura kofia kama zawadi. Mtoto anaipenda, ndiyo, na ripoti inaonyesha ametumia dakika ishirini "kusoma". Alikuwa duka la kofia.

Mengine ni ya kukagua haraka: ifanye kazi bila intaneti ikishapakuliwa, isiwe na matangazo yanayochomoza katikati, isidai picha wala jina kamili la mtoto. Jina la kupanga linatosha.

Nyingi nazozipata ni za Kiingereza. Si zitamsaidia tu?

Kama anajifunza kusoma Kiingereza na anakizungumza, sawa. Kama lengo ni kumkwamua kwenye Kiswahili, ziache kwanza.

Kiswahili kinasomwa kinavyoandikwa: "a" ni "a" popote uikutapo. Kiingereza kina "a" moja yenye sauti kadhaa, na mtoto aliyeanza kuamini kwamba herufi zina msimamo atavurugika. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake wa mwaka 2003 ulilinganisha lugha nyingi za Ulaya: mwishoni mwa darasa la kwanza watoto wa Finland, ambako maandishi hufuata sauti, walisoma sawasawa karibu maneno yote ya kawaida waliyopewa, waliosoma Kiingereza huko Scotland walifikia kama theluthi moja. Watoto wa Scotland si wazito. Lugha yao imeandikwa kwa namna ngumu.

Mtoto akishaimarika katika lugha anayoizungumza, ujuzi wa kuunganisha sauti humfuata kwenye lugha nyingine. Kwenda kinyumenyume inawezekana, lakini anayehangaika tayari usimwongezee mzigo.

Dakika ngapi kwa siku?

Kumi na tano, ishirini zikizidi, na kila siku. Saa mbili za Jumamosi hazifidii wiki iliyopita bure.

Nimwache nayo peke yake nikamalize kazi zangu?

Siku nyingine itakubidi. Lakini dakika tano za mwisho kaa naye, umwambie: "Nionyeshe iliyokusumbua leo." Akikuonyesha "nywe", iandike kwenye karatasi, chini yake uandike nywele, mnywe, kinyweo, mzisome pamoja kwa kidole. Hizo dakika tano ndizo zinazofanana na kile kilichotokea Zambia, mwalimu alipojua mchezo una nini.

Usimbonyezee jibu. Na usiseme "mbona hiyo rahisi". Aliyeikosa anasikia kwamba yeye ndiye mjinga.

Amefika ngazi za juu kwenye mchezo, lakini ukimpa kitabu anakwama. Inakuwaje?

Swali hili naulizwa kuliko yote, na wazazi hudhani mtoto anafanya uvivu. Si uvivu. Kwenye mchezo anasikia "bata" kisha anachagua kati ya maneno matatu yaliyoandikwa. Jibu lipo mbele yake. Kitabuni hakuna sauti inayomtangulia wala majibu ya kuchagua: lazima alitoe neno mwenyewe. Ni kazi mbili tofauti, na mchezo umemzoesha ile nyepesi. Tena watoto wajanja hushika mahali kitufe kinapokaa, au rangi yake, au mpangilio wa maswali, na herufi zikawa pambo tu.

Dawa yake ni daraja kutoka skrini hadi karatasi, kila siku, kabla hajainuka. Chukua maneno matano aliyopitia, yaandike kwa mkono wako, uyachanganye kwenye sentensi mbili fupi ambazo hajawahi kuziona. Asome. Kisha mgeuzie kibao: wewe utamke, yeye aandike. Imla ina sifa mbaya kwa sababu shuleni ilitumika kama fimbo, lakini ndiyo inayomlazimisha mtoto kusikia kila sauti na kuitafutia herufi yake. Makosa ya imla yatakuonyesha pengo ambalo ripoti ya programu imelificha. Akiandika "tebo" kwa "tembo", hajaisikia ile "m" inayoshikana na "b". Rudini kwenye mba, mbe, mbi, na safari hii mwache aguse midomo yake inavyofunga.

Akishasoma sentensi, mpe ukurasa. Asome uleule mara tatu. Kurudia namna hii kulielezwa na Jay Samuels mwaka 1979, na mpaka leo ni mojawapo ya mazoezi ya bei rahisi kabisa ya kuongeza kasi. Hadithi fupi za Kiswahili zilizopangwa kwa ngazi zinapatikana bure kwenye tovuti za African Storybook na StoryWeaver, na unaruhusiwa kuzichapisha.

Huenda ana disleksia. Programu itatambua?

Haitatambua. Inaweza kukupa sababu ya kumpeleka kwa anayejua kupima, na kabla ya hapo macho na masikio yakaguliwe.

Katika lugha inayoandikwa kwa kufuata sauti, kama Kiswahili, disleksia mara nyingi haionekani kama makosa mengi. Huonekana kama usomaji sahihi lakini wa polepole sana, unaochosha, pamoja na makosa ya tahajia yasiyoisha. Kuchanganya b na d peke yake kusikutishe kwa anayeanza: ubongo umezoea kwamba kikombe kikigeukia kulia au kushoto ni kikombe kilekile, na herufi zinamtaka mtoto aache mazoea hayo. Kama kunaendelea miaka, chunguza.

Mtoto wa namna hii anahitaji mafunzo yaleyale ya herufi na sauti, ila yawe ya hatua ndogo zaidi na marudio mengi zaidi. Jihadhari na njia za mkato. Aina ya herufi iitwayo OpenDyslexic imejaribiwa na haikuonyesha kuongeza kasi wala usahihi. Herufi kubwa kiasi na nafasi pana kati yake huwasaidia baadhi. Miwani na vioo vya rangi, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitamka mwaka 2009 kwamba havina ushahidi. Michezo ya "kunoa ubongo" nayo, Fast ForWord ikiwamo, mapitio ya tafiti ya 2011 hayakuikuta ikiboresha usomaji. Pesa hizo mlipie mwalimu wa kukaa na mtoto.

Simu ikimsomea kwa sauti, si namdekeza?

Hapana. Ana haki ya kujua habari za sayari na za moyo wa binadamu kabla hajaweza kuusoma ukurasa wake. Tenganisha tu nyakati: kuna saa ya kupata maarifa, hapo simu imsomee, kuna saa ya mazoezi, hapo asome mwenyewe.

Zile zinazomsikiliza mtoto akisoma, na hizi za akili mnemba?

Zinavutia, na kwa Kiswahili bado nazitumia kwa tahadhari. Mifumo ya kutambua sauti hujifunza zaidi kutoka kwa watu wazima. Mtoto mwenye pengo la meno ya mbele anasoma sawa na mashine inamwambia amekosea. Kwa anayejiamini ni jambo la kuchekesha. Kwa anayehangaika ni kosa jingine juu ya makosa, na hili si lake. Itumie ukiwa karibu, uweze kusema "umesoma vizuri, simu ndiyo haijasikia".

Kutunga mazoezi ni kazi inayoiweza zaidi. Iombe sentensi kumi zenye silabi za m, t, k na l tu. Zisome kabla ya kumpa mtoto: itachomeka neno lenye "ndwa" bila aibu, au Kiswahili ambacho hakisemwi na mtu.

Nina darasa kubwa na vishikwambi vya kuhesabu. Nifanyeje?

Wagawe kwa walipokwama, si kwa umri wala kwa namba ya mezani. Wa irabu pamoja, wa silabi nzito pamoja. Wawili kwa kishikwambi kimoja: mmoja abonyeze, mwenzake aseme kwa sauti kabla hajabonyeza, halafu wabadilishane. Watatu usijaribu; wa tatu atakuwa anatazama dirishani.

Kundi moja likiwa kwenye skrini, wewe uwe na kundi jingine la karatasi. Watakaokuwa nyuma kuliko wote wakae na wewe, si na mashine. Najua kishawishi ni kinyume chake, maana hao ndio wanaochosha. Na ripoti ikikwambia "asilimia 80", fungua uone ile 20 ni silabi zipi.

Ana miaka 13 na anaona aibu. Michezo yote ni ya watoto wadogo.

Ana haki ya kuona aibu. Tafuta programu isiyo na vikaragosi na sauti za kitoto, au achana na michezo: ajirekodi akisoma aya moja kwenye simu, ajisikilize, arudie mpaka apate rekodi anayoipenda. Ujumbe mfupi na ndugu zake ni usomaji pia, mradi auandike mwenyewe bila kubonyeza kitufe cha sauti. Na afanye mazoezi mahali ambapo wadogo zake hawachungulii.

Nitajuaje kwamba haimsaidii?

Kila wiki mbili mpe kipande ambacho hajakisoma, kiwe cha ugumu uleule, tega dakika moja, uhesabu maneno aliyosoma sawasawa. Andika namba na tarehe kwenye daftari. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa wiki mbili zilizopita, basi. Alama za ndani ya programu usiziingize.

Namba zikigoma kwa wiki sita au nane, angalia kwanza kama kweli ameitumia kila siku, na kama ngazi aliyopo ndiyo ile uliyoikuta kwenye karatasi siku ya kwanza. Kama vyote viko sawa, badilisha programu au tafuta mwalimu wa elimu maalumu, usimwongezee dakika. Zikipanda vizuri, utafika wakati atalalamika kwamba mchezo unamchelewesha kwa sababu anamaliza neno kabla sauti haijalitamka. Hapo ifute, upakue hadithi.